Usingizi wa Mchana wa Bukuru na Butoyi

Kitu cha kwanza alichokiona Maombi kilikuwa mchanga. Alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na mpapai, akikung'uta kikwembe, kitenge ambacho wanawe walikuwa wamejifunika walipolala mchana, na mchanga ukamwagikia miguu yake. Udongo wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ni mwekundu. Unaingia kwenye kucha, kwenye mishono ya nguo, kwenye unga, na shati jeupe likifuliwa hapo mara mbili tatu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mchanga huu ulikuwa mweupe, wa chembe nene, na ulikuwa umelowa. Aliuchota kwa kiganja akaunusa. Ulinuka nyavu zilizoanikwa juani.

Akaumwaga, akaingia ndani kukoroga uji, kwa sababu watoto walikuwa wameamka na mmoja wao alikuwa ameshaanza kula sabuni.

Hakumwambia mtu. Maombi hakuwa na desturi ya kuambia watu mambo. Shule aliiacha katika mwaka wa tatu, pale mwalimu wao alipochoka kufundisha bure na kwenda kutafuta dhahabu milimani, na tangu hapo wengine ndio waliomsemea: kwanza mama yake, kisha mama mkwe, kisha mumewe Dieudonné, ambaye alikuwa fundi cherehani na aliweza kuongea na mteja mpaka mteja akasahau kwamba suruali yake ilipaswa kuwa tayari tangu Pasaka. Bombani, kanisani, kwenye foleni ya chakula, Maombi alisimama nyuma ya mtu mwingine na kumwachia huyo maneno.

Watoto wake walikuwa mapacha, wa kiume na wa kike, wa miaka miwili na kitu. Walibatizwa Sylvain na Aline, lakini Mama Dévote, jirani yao Mrundi, alisema kwao pacha anayetangulia ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, jambo hilo halina mjadala, na kambi nzima ikamfuata. Maombi mwenyewe aliitwa Mama Mapasa, kama wanavyoitwa huko Kongo akina mama wa mapacha, na hata pasta alikuwa amesahau jina lake lingine.

Kulea mapacha ni kazi yenye sheria. Ukimpa Bukuru kiazi, unampa Butoyi kiazi cha ukubwa uleule. Ukimnyoa Butoyi, unamnyoa na Bukuru, hata kama hana nywele. Ukimkaripia mmoja kwa kumwaga maji, unamkaripia na mwingine, ingawa alikuwa amelala. Koko Cécile, bibi yao, mama yake Dieudonné, ndiye aliyemfundisha Maombi sheria hiyo siku waliyozaliwa, na alisema kwamba anayeivunja anataka kuzika. Kwa hiyo kipande cha sabuni cha mgao Maombi alikikata katikati kwa uzi wa cherehani, na biskuti aliipima amefumba jicho moja. Siku nzima kila mtoto alilia akitaka kijiko cha mwenzake, na akipewa alilia akitaka kile chake. Walipolala mchana, nyumba ilikuwa kimya, na Maombi alichambua maharage kwa raha ya mtu aliyeshusha mzigo.

Mchanga ulirudi. Safari hii akakaa kuangalia. Watoto walilala kifudifudi, miguu imepishana, kikwembe kikipanda na kushuka kwa pumzi zao. Kisha kikashuka, na hakikupanda tena. Alikigusa. Kilikuwa kimelala juu ya mkeka, bado na joto. Akaendelea na maharage. Kabla maji ya maharage hayajachemka kikwembe kiliinuka, na watoto walikuwa chini yake, wamelowa hadi magotini, kila mmoja ameshika ndagala mmoja kwa mkia. Samaki hao wadogo walikuwa bado wanang'aa.

"Mulitoka wapi?" aliwauliza.

"Koko," alisema Bukuru.

"Koko," alisema Butoyi, kwa sababu Bukuru alikuwa amesema.

Koko Cécile alikuwa amebaki kijijini, kusini mwa Uvira, kandokando ya Ziwa Tanganyika, tangu vita vya pili vya Kongo vilipoanza. Kati ya mkeka ule na kijiji kile kulikuwa na nusu ya Malawi, Tanzania, na ziwa lenyewe. Maombi aliwakaanga ndagala kwa mafuta ya mgao na kuwagawia wote wanne, vipande vidogo kama kucha.

Dieudonné alitafuna polepole.

"Hii si ya Malawi," alisema. "Hii ni ya kwetu. Nani alileta?"

"Batoto."

Alilamba vidole vyake kimoja kimoja. "Basi mama iko muzima," alisema, akarudi kwenye mashine yake. Siku ile alishona mpaka giza likamzuia kuona sindano, na watu wa mstari wao wa nyumba walimsikia akiimba nyimbo za kwaya.

Mama Dévote alikuja asubuhi, akifuata harufu. Alikuwa mwanamke mnene aliyekaa bila kukaribishwa.

"Wiki ilipita Papa Mapasa wako alishikwa na polisi kule Mchesi, Lilongwe, kwa kutoka kambini kununua uzi bila kibali," alisema. "Bakamushusha kwenye baiskeli ya kabaza kama muzigo ya mukaa. Na hawa je, bako na kibali?"

"Hapana," alisema Maombi.

"Ni sawa. Kibali ni cha barabara, na hawapitie barabara." Akamgeuza Bukuru, akamfunua tumbo, kisha Butoyi. "Bitovu byabo mulizika wapi?"

Maombi alieleza kwa sauti ndogo, huku akiosha sahani. Kitovu cha Bukuru kilidondoka kwanza, nyumbani, na Koko Cécile akakizika chini ya mgomba kama inavyopasa. Alitaka kungojea cha Butoyi ili avizike pamoja, lakini alikuwa na haraka, kwa sababu mizinga ilishaanza kusikika upande wa mji. Cha Butoyi kilikuwa bado kimeshikilia pale askari walipofika na kuwaambia watu wa kijiji waondoke. Kwenye mtumbwi wa mashine kulibaki nafasi ya mtu mmoja, na mwenye mtumbwi alisema ama bibi apande, ama mtoto wa pili. Koko Cécile alikuwa ameshaketi. Alisimama, akasema mapacha hawagawanywi, akashuka majini na viatu vyake. Kitovu cha Butoyi kilidondoka Kigoma. Maombi alikifunga kwenye pindo la nguo, akakibeba mpaka Dzaleka, akakizika nyuma ya nyumba. Mgomba ulikataa kuota kwenye udongo huo. Mpapai ulikubali.

"Njo hivyo basi," alisema Mama Dévote. "Bukuru anamuvuta mwenzake kwenda, Butoyi anamuvuta kurudi. Kama bitovu byote bingekuwa kule, bangeenda bakabakia. Kama byote bingekuwa huku, bangelala usingizi kama batoto ya bantu." Alinyoosha mkono kwenye sufuria. "Ule mupapai usiukate."

"Siukate."

"Hata ukizeeka."

Ikawa msimu mzuri. Watoto walikwenda baada ya chakula cha mchana na kurudi na vitu, na vitu vyote vilikuwa viwili: ndizi mbili, vikombe viwili vya bati, vifurushi viwili vya sombe la majani ya muhogo lenye mawese, vimefungwa kwenye majani ya mgomba bado na mvuke. Maombi naye alipeleka. Alifunga chumvi katika vitambaa viwili, maana chumvi ilikuwa imepotea huko kwa sababu ya vita, akavining'iniza shingoni mwao. Alipeleka vipande viwili vya sabuni ya mgao, na watoto wakarudi wamenyolewa na kusuguliwa, vichwa vinang'aa mawese, hasira za kusuguliwa masikio bado ziko usoni. Sabuni ya Malawi ilikuwa imefanya kazi Kongo.

Majirani walikuja na maombi yao. Mzee mmoja wa kwaya alitaka watoto wamuulizie ng'ombe wake. Mwanamke mmoja wa Fizi alichuchumaa mbele yao akawafundisha kwa subira jina la dada yake, mpaka wakaweza kulitamka. Walirudi na kusema, "Koko." Watu walikubali kwamba wajumbe wa umri huo hawabebi zaidi ya neno moja, wakaenda zao bila kinyongo.

"Hata ofisi ya wakimbizi inajibuka na neno moja tu," alisema Mama Dévote. "Subiri."

Tatizo lilianza siku ya mgao. Wanawake walipanga foleni mbele ya ghala la zamani, lililojengwa wakati Dzaleka ilipokuwa gereza, na Butoyi alikuwa mgongoni mwa mama yake na ndagala mbichi mkononi. Karani aliyekuwa akipima mahindi alimtazama samaki. Alikuwa kijana wa Dowa, wilaya yenye kambi, na Dowa haina ziwa. Alimwita Niyibizi, mkalimani wa kambi, mtu wa shati safi aliyejua Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, Kichewa na Kiingereza, na ambaye hakuna aliyejua yeye mwenyewe anasema nini.

"Anauliza, huyu samaki ametoka wapi."

Maombi alitazama chini. Nyuma yake Mama Dévote alijibu kwa fahari, "Katoka Tanganyika, leo hii," akaeleza yote, na vitovu pia.

Karani hakushangaa. Aliandika. Baada ya muda Maombi aliitwa ofisini Lilongwe na watoto wake, na alipewa kibali cha siku moja. Dieudonné alinyimwa, kwa sababu ya ule uzi wa Mchesi.

Walisafirishwa kwa lori la ofisi, pamoja na magunia matupu. Maombi hakuwa ameuona mji huo. Lori lilipita Area 18, nyumba zimesimama sawasawa kama nguo kwenye kamba, likaingia mtaa wenye kuta ndefu na maua juu ya kuta. Ofisi ilikuwa na feni na zulia. Bwana wa ofisi alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na alimwita Maombi "amayi" kama mtu anavyomwita mama yake. Alitoa biskuti, akampa Bukuru. Maombi aliichukua mkononi mwa mtoto, akaivunja katikati, akafumba jicho moja, akawagawia.

"Anasema amefurahi kukuona," alisema Niyibizi.

Watoto walikula, wakapigania makombo, wakalia, wakachoka. Maombi aliwatandikia mkeka chini ya meza, akawafunika kikwembe, wakalala. Bwana wa ofisi aliongea kwa muda mrefu, na Niyibizi akafupisha.

"Anasema, mkimbizi ni mtu asiyeweza kurudi kwao. Hawa banarudi kwabo kila siku kiisha kula. Anauliza, bamewahi kurudi na kidonda?"

Maombi alitikisa kichwa.

"Bamewahi kurudi na njaa?"

Alitikisa tena. Chini ya meza kikwembe kilishuka na hakikupanda. Bwana wa ofisi aliinama, akatazama mkeka uliokuwa mtupu, akainuka.

"Wameondoka?" aliuliza kupitia Niyibizi.

"Bameenda," alisema Maombi.

"Vizuri. Tutawangoja." Akaagiza chai.

Chai ililetwa, ya maziwa, na Maombi hakuigusa. Alisikiliza feni. Walikuwa hawajawahi kuondoka wakiwa mbali na mpapai, na hakujua kama Butoyi angejua kurudi kwenye meza ya mtu. Bwana wa ofisi alisaini karatasi kadhaa za watu wengine. Niyibizi alikunywa chai yake, kisha ya Maombi.

Kikwembe kilipoinuka, chumba kilijaa harufu ya majani ya kuezekea yaliyoungua. Watoto walitoka chini ya meza wakitambaa. Miguu yao ilikuwa mikavu. Kope zao zilikuwa na majivu. Kila mmoja alikuwa amefungwa shingoni nusu ya kikwembe cha Jumapili cha Koko Cécile, kile cha njiwa wa bluu, kimechanwa katikati sawasawa, kwa namna ambayo njiwa mmoja alikuwa na kichwa kwa Bukuru na mkia kwa Butoyi. Na kila mmoja alikuwa ameokota kitu cha shaba, kama kifuniko cha kalamu, ganda la risasi.

Maombi alishika nusu zile mbili, akazilinganisha. Zilikuwa sawa. Mtu aliyezichana hakuwa na kitu kingine cha kutoa, na alikuwa na muda mdogo, lakini alikuwa amefumba jicho moja.

"Koko?" aliwauliza.

"Lala," alisema Bukuru.

"Koko lala," alisema Butoyi.

Bwana wa ofisi aliyachukua maganda kwa heshima, baada ya kuomba ruhusa. Aliyageuzageuza, akapuliza ndani ya moja, akayasimamisha mezani kando kwa kando.

"Ni matupu," Niyibizi alitafsiri. "Anasema risasi ikiwa imeshatoka, hatari imeshapita. Yaliyojaa ndiyo yangekuwa na shida."

Kisha uamuzi ukasomwa. Watoto wangetolewa kwenye mgao, kwa kuwa walikuwa wakila kwao. Familia ingewekwa miongoni mwa wanaorejea kwa hiari. Niyibizi alilirudia neno "hiari" kwa sababu Maombi alikuwa amemtazama. Kiwanja chao kingepewa watu wapya, ambao ofisi ingewachimbia choo kizuri.

"Anauliza kama uko na kitu ya kusema."

Maombi alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo, aliyahisi yamejaa kama uji wa moto, na hakuna hata moja lililotoka. Bwana wa ofisi alisubiri kwa adabu.

"Amesema zikomo," alisema Niyibizi, neno la Kichewa la kushukuru.

Bwana wa ofisi alitabasamu na kusema karibu.

Kwenye lori, watoto wakiwa wamelala usingizi wa kawaida wa kuchoka, Maombi alimgeukia Niyibizi. "Sikusema zikomo."

"Najua, Mama Mapasa. Lakini ni lazima kitu kisemwe, la sivyo anaandika kwamba umekataa kujibu."

Maombi aliliwaza jambo hilo safari yote. Kumbe kukataa nako kulikuwa kitu kinachoweza kuandikwa.

Dieudonné hakulia mbele ya watu. Alichukua nusu mbili za kikwembe, akazilaza kwenye mashine, njiwa kwa njiwa, akatia uzi ili aziunge. Maombi aliweka kiganja chake chini ya sindano.

"Acha. Kila mutu na yake."

"Ni nguo ya mama yangu."

"Yeye njo alipasua."

Aliondoa mguu kwenye pedali. Matanga yaliwekwa bila maiti, kama matanga mengi ya pale. Watu walileta kuni na mahindi, kwaya iliimba, na pasta akafunga kwa sala ileile aliyofunga nayo kila Jumapili: kwamba Bwana, aliyewatoa wana wa Israeli utumwani, awarudishe na hawa kwao. Wote wakasema amina. Maombi alikuwa amewabeba watoto, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mdomo wake ulibaki umefungwa. Mama Dévote peke yake ndiye aliyeona.

Watoto hawakuacha kwenda. Walikwenda kama zamani, wakarudi na masizi, na baadaye na mchanga tu. Hakuna aliyewanyoa huko. Mgao ulipofika, Maombi na mumewe walipokea cha watu wawili na kula wanne. Karani aliwauliza watoto kwa upole kama wameshiba, na Bukuru akamuuma.

"Muache," Mama Dévote alimwambia karani. "Anatafuta chakula yake kwako."

Wanaume wenye majembe walikuja mchana, baada ya chakula. Walikuwa Wamalawi watatu wa kijiji cha jirani, wenye furaha ya kupata kibarua, na Niyibizi alikuwa mbele yao. Walisalimia vizuri. Walizunguka nyumba, wakapima kwa hatua, wakaanza kufyeka majani chini ya mpapai. Ofisi ilikuwa imeonyesha mahali pa choo, na mahali penyewe ndipo hapo.

Maombi alikuwa ndani. Alitazama mkeka. Kikwembe kilikuwa kimelala chini, bado na joto.

Alitoka. Mmoja wa wanaume alikuwa ameshainua jembe. Maombi alipita chini ya jembe lile, akaketi penye shina, akanyoosha miguu yote miwili kama mtu anayepepeta. Jembe lilibaki hewani, kisha likashuka pembeni.

"Mama Mapasa," alisema Niyibizi, "simama, tafadhali. Hawa watu wana kazi."

Hakusimama.

"Basi niambie, nibaambie nini?"

"Usibaambie kitu," alisema Maombi. "Nitasema mimi."

"Hawajui Kiswahili."

"Batasikia."

Majirani walikuwa wameshatoka milangoni. Mama Dévote alikuja na kigoda chake, akakiweka mahali pa kuonea vizuri. Maombi alishika shina kwa mkono mmoja. Sauti yake ilipotoka haikuwa kubwa, lakini haikuwa imetumika sana, na ilifika mpaka bombani.

"Basoda balituambia tuondoke, tukaondoka. Kigoma balituambia hapa pamejaa, tupite, tukapita. Karonga, pale mupakani, balituambia tupande lori, tukapanda. Bakatuambia tukae huku ndani, tusifike hata Mchesi kununua uzi, tukakaa. Sasa munaniambia nirudi kule batoto yangu banaokota risasi. Batoto bameenda. Saa hii banatafuta njia. Njia yabo iko chini ya matako yangu. Mutachimba mimi kwanza."

Wanaume walimtazama Niyibizi wapate tafsiri. Niyibizi, aliyejua lugha tano, alitazama shati lake.

"Tafsiri basi!" alisema Mama Dévote. "Ama leo na we unasikia haya?"

"Amesema hapana," alisema Niyibizi kwa Kichewa.

Walikaa hivyo. Jua lilihama kidogo, kivuli cha mpapai kikaondoka kwenye miguu ya Maombi na kupanda ukutani. Mwanaume mmoja alikaa juu ya mpini wa jembe lake akavuta sigara. Ndani ya nyumba kukasikika kilio, kisha kilio cha pili kikidai kile kilicholiliwa na cha kwanza, na Butoyi akatoka mlangoni akiwa amelowa hadi magotini, akimvuta Bukuru kwa mkono. Walikuja moja kwa moja mpaka penye mpapai, wakakaa mapajani mwa mama yao, kila mmoja paja lake. Maji ya ziwa yalitiririka kwenye udongo mwekundu, na udongo ukayanywa.

Mwanaume wa sigara aliuangalia mchanga mweupe kwenye nyayo zao. Alisema kitu kwa wenzake, wakabeba majembe. Niyibizi alitafsiri bila kuombwa: alikuwa amesema kwamba kwa mama yake pia kuna mti wa namna hiyo.

Choo kilichimbwa nyuma ya nyumba ya Mama Dévote, ambaye alilalamika kila siku na kukitumia kuliko wote. Mgao wa watoto haukurudishwa. Majina yao wanne yalibaki kwenye orodha ya kurejea kwa hiari, na kila lori lilipokuja yaliitwa kwa sauti, na kila yalipoitwa Maombi alijibu mwenyewe kwamba hapana, na karani akaandika kwamba familia haikuwapo. Dieudonné aliendelea kushikwa Mchesi. Vita navyo viliendelea. Watu wapya walifika kila wiki, na wengine waliwatambua watoto. Walisema wamewaona kandokando ya ziwa, wakiwa wameshikana mikono, mchana.

Hayo ni ya baadaye. Jioni ile ya majembe, Dieudonné alirudi na kukuta ua umekanyagwa na mkewe bado ameketi penye mpapai. Majirani walikuwa wameshamweleza njiani, kila mmoja kwa namna yake. Chini ya mkono alikuwa na begi alilokuwa akilishona kwa siri tangu matanga, la turubai, lenye mishipi miwili, la kutosha nguo za watu wanne. Alilitua mbele yake, akachuchumaa, akampangusa Butoyi mchanga kwenye kope.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Hatutaenda sasa. Lakini nitapenda nimuzike mama. Tutarudi tu, Mama Mapasa. Vita ikiisha, tutarudi kwetu."

Kila mtu Dzaleka alisema hivyo, asubuhi kwa kusalimiana na jioni kwa kuagana, na jibu lake lilikuwa amina. Maombi alilitazama begi. Mishono yake ilikuwa mizuri, miwilimiwili. Alilichukua, akaligeuza mdomo chini, akalikalia, kwa sababu udongo ulikuwa umelowa.

"We utaenda umuzike," alisema. "Nitakupa nusu moja ya kikwembe yake, na batoto batakuonyesha pahali. Mi sirudi, Dieudonné. Hata vita ikiisha kesho, mi sirudi."